Mpwa Wangu, Usitoboe Chasisi Bado

Vuta kigoda ukae, mpwa wangu. Mkazamjomba wako ameteleka chai, na mimi leo siendi shamba.

Jana ulipopita na ile karatasi yako nilikuwa nimechoka. Magoti yaliniuma, mvua ya jioni ilikuwa imeshuka kutoka mlima Lupanga, nikakuomba uniachie niisome kwa utulivu. Nimeisoma usiku, nikairudia baada ya sala ya alfajiri. Taa sita za mbele. Honi ya upepo yenye midomo mitatu. Ngao ya chuma. Taa ndogo za rangi kuzunguka bodi nzima. Vifuniko vya nati za magurudumu, vile virefu vyenye ncha. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo: mipira ya tope, jozi moja, yenye picha ya tai na jina lako.

Sikulaumu kwa kutaka lori lako lipendeze. Mtu aliyenunua Fuso kuukuu, akalipeleka kwa fundi pale Kihonda akaona bodi inasimama ubao kwa ubao, ana haki ya kulipamba kama bwana harusi. Nami nilikuwa kijana. Lakini umeianza karatasi kwa mguu wa mwisho. Ulichokiandika chini mimi ningekiandika juu, na jozi moja haitoshi.

Nakusemesha kwa sababu ni wajibu wangu. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba linapita kwa mama, na mtoto akiharibikiwa anayeulizwa ni mjomba. Katika fedha iliyonunua lile lori imo ya mama yako, ya ndizi na ya karafuu. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho, kisha ukiona sina haki, karatasi yako hii hapa, utaondoka nayo kama ilivyo.

Fikiria njia utakayoipita. Utatoka Morogoro mjini, utashika barabara ya Iringa hadi Sangasanga, utakata kushoto kuelekea Mzumbe na Mlali, kisha utaanza kupanda kwenda Langali na Nyandira kufuata kabeji, karoti na viazi vya Mgeta. Siku nyingine utatokea Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, hadi Matombo kwa ajili ya ndizi. Udongo wa huko unaujua, umezaliwa juu yake. Masika ukilowa unanata kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko, na tairi likishika kasi unabanduka vipande vipande na kuruka. Upande mmoja ukingo wa mlima, upande mwingine bonde. Mwanamke anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani hana pa kukimbilia. Anasimama, anauegemea ukingo, anasubiri upite. Nyuma yake yupo mtoto wa shule mwenye shati jeupe alilofua jana kijitoni, na hana la pili. Wewe uko juu kwenye kiti, kioo umefunga, redio inaimba. Kinachobaki kati ya tairi lako na nyuso zao ni kipande cha mpira.

Ndiyo maana nasema umekikosea heshima kitu hicho. Umekihesabu pamoja na vifuniko vya nati. Vyote ulivyoviandika juu yake unajinunulia mwenyewe, uvione, usifiwe navyo pale Msamvu. Mipira ya tope unamnunulia mtu usiyemwona na asiyejua jina lako, hata uliandike kwa rangi ya dhahabu.

Na tope ni dogo. Tope linafuliwa. Lipo jambo jingine ambalo mafundi vijana hawakuelezi, kwa sababu wao hulijenga lori likiwa limesimama. Ukitoka kwenye njia ya mawe, kati ya tairi mbili za nyuma, zile pacha, hubaki jiwe limebanwa. Wakati mwingine ni kama yai, wakati mwingine kama ngumi. Kwenye mwendo wa kilomita 20 linakaa kimya. Ukifika lami ukalipeleka lori kwenye 80, ambao ndio ukomo wa magari makubwa, mpira wa tairi unapata joto, unatanuka, unalitema. Mpira mzito ukiwapo nyuma, jiwe linapiga pale na kuanguka chini. Usipokuwapo, linakwenda zake kama lililotupwa kwa kombeo, na huchagui litamkuta nani.

Mwaka 1983 nilikuwa dereva wa lori la kampuni moja ambayo haipo tena. Unasikia habari za miaka ile, lakini kusikia si kuishi. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na spea hata ukiwa na fedha hazipo. Bushi za springi zikaisha. Utingo wangu, kijana mwerevu wa mikono, akasema tukate mipira ya tope ya nyuma tuchonge bushi. Nikamkubalia. Mabaki yake akajishonea makatambuga, na hayo pia nikamruhusu, kwa kuwa alikuwa pekupeku. Lori likatembea. Nilijisifu nimeokoa safari.

Siku ya tatu tulikuwa tunatoka Dar es Salaam na saruji, jioni, mvua imekatika punde. Karibu na Mikese nikampita mtu wa baiskeli aliyebeba mkaa, magunia mawili, anasukuma pedali pole pole kwenye ukingo wa lami. Nilimpa nafasi, nilipiga honi, nilifanya yote ambayo dereva mstaarabu hufanya. Wala sikusikia kitu. Tukaingia Morogoro, tukala, tukalala. Kesho yake nikasikia pale stendi kwamba lori la saruji limempiga mtu jiwe la jicho Mikese, na halikusimama.

Nilirudi. Nilimkuta hospitali. Jicho la kushoto halikupona. Hakuna askari aliyenishika, maana hakuna aliyekuwa na namba ya gari, na yeye mwenyewe nilipomweleza kwamba ni mimi alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama mkaa wake aliuokota mtu. Miaka zaidi ya 40 sasa, kila Idi napita kwake. Tumezeeka pamoja. Hajawahi kunidai kitu. Lakini kila nikikaa naye barazani najua kwamba kilichokosekana ni vipande viwili vya mpira, ambavyo mimi kwa mdomo wangu nilisema vikatwe.

Kunywa chai, inapoa.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Ile ya dukani yenye tai ni ya plastiki nyembamba. Ikunje kwa mkono, utaona mkunjo unabaki mweupe. Hiyo jua la Dodoma litaikausha, na siku ya kwanza ukirudi nyuma kwenye tuta la shamba itapasuka kama kigae. Tafuta mpira wenyewe, mzito, wa unene wa milimita 8 hadi 10. Ulio bora kuliko yote ni ule wa mkanda wa kubebea kokoto kwenye mitambo ya kusaga mawe, kwa sababu ndani una nyuzi, na tundu la bolti haliachii. Ukiukosa, ubavu wa tairi kuukuu la lori unafaa, ila uchague usio na waya zilizochomoza, kwani hizo zitalichana tairi lako au mguu wa mtu.

Upana wake ufunike tairi zote mbili pacha, na zile pacha zikisimama pamoja ni kama sentimita 60. Ukipungua, tope linatokea pembeni na kazi yote ni bure. Urefu upime lori likiwa na mzigo, usipime likiwa tupu kama mafundi wengi wanavyofanya. Springi zikilala, ncha ya chini ibaki shibiri moja toka ardhini. Ikishuka zaidi ya hapo, siku unarudi nyuma tairi litaukanyaga mpira na kuung'oa pamoja na chuma chake. Ikipanda zaidi, jiwe linapita chini. Toka tairi hadi kwenye mpira acha shibiri moja na kidogo, ili lori likidunda kwenye shimo vitu viwili hivyo visisuguane. Kisha kwenye mwendo mpira hupenda kupepea kama bendera, na ukipepea haukingi kitu. Funga kipande cha ubapa wa chuma upande wa chini uupe uzito, na mnyororo mwembamba wa kuuvuta mbele kidogo. Mnyororo huohuo utakufaa ukiingia shambani kwa kinyumenyume: utingo anaukunja mpira juu, anauning'iniza, mkitoka anaushusha. Mfundishe asisahau kuushusha.

Na uwe na jozi mbili. Za mbele wengi hawaziweki, wakidhani tairi la mbele halirushi. Linarusha, na linalirushia gari lako mwenyewe: tanki la mafuta, mitungi ya upepo wa breki, mipira na paipu zilizopita chini ya sakafu. Nimeona bomba la breki lililotobolewa na kokoto kwenye mteremko. Dereva yule aliokolewa na gia na dua.

Hapa nakuomba uache kikombe uniangalie, kwa sababu ndilo lililonifanya nisilale. Umesema fundi atachomelea vishikio vya mipira kwenye chasisi leo mchana. Mwambie asubiri. Chasisi ya lori ni kama mti wa dari. Ina ubavu, na ina kingo mbili, ya juu na ya chini. Uzito wote wa kabeji za Nyandira unazivuta kingo hizo kila unapopita shimo. Ukitoboa tundu kwenye ukingo, au ukiuchoma kwa moto wa kuchomelea, umeuachia kidonda. Hutaona kitu mwezi huu. Baada ya masika mbili utaona ufa kama unywele unaanzia pale palipochomwa, na siku lori litakapovunjika mgongo utamlaumu Mjapani aliyelitengeneza. Kiwandani waliacha matundu ubavuni. Yatumie hayo kwa bolti, na washa pana kila upande, nati za kujifunga. Au tundika mipira kwenye fito za bodi yenyewe, ambayo ikiharibika unaibadilisha. Na siku yoyote fundi akichomelea kitu chochote juu ya lori, hata ngazi, toa kwanza waya za betri. Umeme wa kuchomelea ukipita njia usiyoitaka unaua alteneta na vyombo vyake vyote.

Ukimaliza hilo, picha ya tai chora. Sikukatazi. Na maneno andika. Malori yetu yana maneno nyuma kama kanga zina majina, na jina la kanga halisomwi na aliyevaa, linasomwa na anayemfuata. Kwa hiyo fikiri vizuri unamwambia nini mtu atakayekaa nyuma yako saa nzima kati ya Chalinze na Mlandizi, amechoka, ana mgonjwa ndani ya gari. Wapo vijana wanaoandika matusi na vijembe. Sipendi. Dua inatosha, au jina la mama yako. Chora kwa rangi inayovumilia kukunjwa, la sivyo baada ya wiki tai wako atakuwa amenyonyoka.

Taa sita za mbele punguza. Lori lako ni la volti 24. Taa sita za wati 100 ni wati 600, yaani ampia 25, na fundi wako amekwisha kunionyesha waya anaotaka kuutumia: mwembamba, wa kufaa redio. Waya huo utapata moto ndani ya dari, mahali ambapo hutaunusa mpaka umechelewa. Weka mbili, zielekee chini, zipite kwenye fyuzi na rilei, na uzizime ukiona mwanga wa mwenzako unakuja. Ukipita Mikumi usiku wanyama wamo barabarani, kweli unahitaji kuona. Lakini dereva wa basi uliyempofusha kwenye kona za Iyovi ana watu 50 nyuma yake. Na redio ya volti 12 usiivutie umeme kwenye betri moja kati ya mbili, ingawa kila mtu anafanya hivyo. Betri moja inachoka, nyingine inajazwa kupita kiasi, na zote zinakufa kabla ya wakati. Kipo kifaa kidogo cha kushusha 24 kuwa 12. Kinunue.

Taa za rangi kuzunguka bodi: nyekundu zikae nyuma peke yake, na nyeupe mbele peke yake. Usiku mtu akiona nyekundu anajua anatazama mgongo wa gari. Ukimchanganyia rangi umemwondolea lugha pekee aliyonayo gizani. Za buluu ziache kabisa.

Ngao sina haja ya kukaa nayo sana. Ipime kwanza kwenye mizani. Chuma kile ni uzito uleule wa karoti utakayoiacha mlimani, na pale Mikese mizani haiulizi kama kilo zimetoka kwenye gunia au kwenye urembo. Tangu Machi 2019 tunapimwa kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tani 8 kwa ekseli ya mbele na tani 10 kwa ya nyuma yenye tairi pacha. Ngao nzito inaelemea mbele moja kwa moja, hasa ukizidisha na magunia ya lumbesa, ambayo nayo ungeyakataa kabla hayajapanda.

Fedha utakayoiokoa hapo ihamishie nyuma. Kwenye karatasi yako hamna kitu nyuma zaidi ya tai. Weka utepe wa kuakisi mwanga, mwekundu na mweupe, upana wote wa bodi na kwenye kingo zake, ule wa kweli unaowaka ukipigwa na taa, usinunue wa bandia unaofanana nao mchana. Uufute kila jioni, maana ukifunikwa na udongo wetu mwekundu ni sawa na kutokuwapo. Weka bampa la chuma chini ya bodi, nusu mita toka ardhini, lifungwe kwa bolti. Gari dogo likikugonga kwa nyuma bila bampa hilo linaingia chini ya sakafu, na kinachofika cha kwanza kwenye ukingo wa bodi yako ni vichwa vya waliokaa mbele. Nimesaidia kuwatoa watu wa namna hiyo. Sitakusimulia, lakini liweke.

Weka pembetatu mbili ndani ya kabini, na vigingi viwili vya mbao ngumu vya kuzuia tairi, uvifunge kwa kamba kwenye bodi. Vigingi hivyo ni kwa ajili ya jambo linalonisikitisha kuliko mengi. Lori linaharibika mlimani, utingo anaruka na mawe, anayaweka nyuma ya tairi, anakata matawi anayapanga barabarani kuwaonya wenzake. Hadi hapo amefanya wema. Kisha lori linatengenezwa, linaondoka, na mawe yanabaki katikati ya lami. Usiku anakuja kijana wa bodaboda. Kigingi chenye kamba hakiachwi, kwa sababu ni mali yako, na kimefungwa.

Jambo moja tena la bei ndogo: swichi kuu ya kukata umeme wa betri, iwe mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje unafika. Wewe ulikuwa hapa tarehe 10 Agosti 2019. Tulisikia mshindo wa Msamvu, tukaona moshi, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tumezika watu wa mtaa huu. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa lori moja la mafuta lililopinduka. Wewe hubebi petroli, lakini tanki lako lina dizeli, lori lolote huweza kulala ubavu, na watu wetu hukimbilia lori lililolala, wengine kuokoa, wengine kuokota. Kwenye hali ile, waya wenye umeme usibaki hai hata dakika moja.

Nimesema mengi. Kifua kimechoka. Ingia chumbani kwangu, chini ya kitanda utakuta kitu kimeviringishwa kwenye turubai. Ni mkanda wa mtambo wa kokoto, mita tatu, niliununua zamani nikiwa bado naendesha na haukuwahi kupata lori. Unatosha vipande vinne. Uchukue na ile tepu ya kupimia. Tutakwenda Kihonda pamoja, nitakaa kwenye kivuli, nawe utapakia mawe hata tani tatu ili springi zilale ndipo tupime.

Halafu Jumapili, kabla hujaenda Nyandira kwa safari ya kwanza, unipeleke Mikese. Yule mzee huwa barazani saa hizi za asubuhi. Nitamshika mkono nimzungushe hadi nyuma ya lori, aushike mpira kwa mkono wake. Sasa nipe kalamu. Hapa ulipoandika jozi moja, nafuta.